Huu Wimbo Anauimba kwa Sauti ya Nani?

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Dada mwandishi, sehemu ya 4 Tunu alisahau sauti ya mama yake. Sasa huu wimbo anauimba kwa sauti ya nani?"

Niliusoma nimesimama, nikakaa. Nikaifungua sehemu ya 4, niliyoiandika wiki saba kabla ya hapo, na sentensi yangu mwenyewe nikaikuta imetulia pale inanitazama: Tunu alitega sikio ndani ya kichwa chake kama mtu anayesikiliza ukutani, na sauti ya mama haikuwapo. Halafu sehemu ya 11, iliyotoka jioni ile ile, Tunu huyo huyo amempakata mtoto wa mlinzi wa daraja, anambembeleza kwa wimbo wa mama yake, beti zote mbili, bila hata kukwama.

Kwa asiyeijua, hadithi yangu ilikuwa ngano ya nchi ambayo mfalme wake anatoza kodi ya vivuli. Mtu akishindwa kulipa, kivuli chake kinakatwa miguuni na kufungiwa ghalani. Tunu ni fundi cherehani anayeingia ghalani usiku, anaviiba vivuli na kuwashonea wenyewe. Ila uchawi una bei: kila kivuli kimoja anachoshona, kumbukumbu yake moja inapotea, na hachagui ni ipi. Nilidhani ningemaliza kwa sehemu 20. Zikafika 31, moja kila Ijumaa, na wasomaji wakiniandikia kuanzia Ijumaa usiku hadi Alhamisi.

Hadithi ya mfululizo ina ugumu ambao sikuufikiria nilipoanza. Kitabu kizima unaweza kurudi ukurasa wa 30 ukarekebisha kabla mtu hajaona. Hapa sehemu ya 4 imeshatoka, imeshasomwa, kuna mtu ameisoma mara tatu kwa sababu wiki ni ndefu. Maji yakimwagika hayazoleki. Na msomaji wa ngano, jambo hili nimelijua kwa kuumia, hukumbuka sheria za uchawi kuliko mwandishi. Majina ya watu atayasahau, rangi ya nguo ataisahau, lakini ukimwambia kwamba kivuli kimoja ni kumbukumbu moja, amelishika kama mtu aliyekopesha pesa. Kwake hiyo ni ahadi.

Jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kujitetea. Niliandika jibu kwamba Tunu labda aliusikia wimbo kwa jirani. Nikalifuta. Nikaandika kwamba alisahau sauti tu, maneno hakuyasahau. Hilo nalo nikalifuta, maana yule mtu hakuuliza kuhusu maneno. Aliuliza sauti ya nani. Nililala na swali hilo, na alfajiri nikaamka nalo likiwa limegeuka. Mimi nilikuwa nalisoma kama lawama, na lilikuwa swali la kweli. Sauti ya nani? Kama Tunu hana sauti ya mama yake na wimbo unatoka, basi kuna mtu anaimba naye. Kuna mtu aliyezikusanya zile kumbukumbu zilizopotea.

Hapo ndipo alipozaliwa Zimwi wa Kisimani. Hakuwamo kwenye mpango wangu kabisa. Sehemu ya 13 Tunu anainama kisimani kuteka maji na kutoka chini anasikia wimbo wa mama yake ukiimbwa kwa sauti nzito, taratibu, na kiumbe anayeujua wote. Ijumaa ile ujumbe uliingia mpaka nikaizima simu. "Kumbe ulipanga tangu mwanzo!" "Mwandishi una akili wewe!" Nikanyamaza, nikazipokea sifa ambazo si zangu. Baada ya wiki mbili nafsi ikanisuta, nikaandika chini ya sehemu mpya kwamba lile lilikuwa kosa langu, na kwamba msomaji mmoja ndiye aliyenionesha mlango. Nilitegemea watu wavunjike moyo. Mmoja akajibu, "Tulijua. Uliandika ule wimbo umestarehe mno."

Basi kwa muda nikalewa wasomaji. Nikaamini kwamba chochote wanachosema ni dhahabu, nichukue tu nitie kwenye hadithi. Ulevi huo ndio ulionifikisha kwenye vita.

Kuanzia sehemu ya 15 ujumbe ulianza kubadilika ladha. Zamani ilikuwa "umeishia patamu", "umetuacha na arosto", "lete mzigo mwandishi". Sasa yakaja mengine: "Nzuri." Nzuri, nukta. Aliyewahi kuandika mfululizo anajua ubaridi wa nzuri yenye nukta. Kisha mmoja akasema wazi kwamba hadithi imepoa, wengine wakaitikia, na dawa wakaitaja wenyewe: mapigano. Askari wa mfalme wako wapi? Mbona Tunu anashona tu? Tunataka vita.

Nikawapa vita. Sehemu ya 18 nzima ni vita. Askari mia tatu, mishale ya moto, lango linavunjwa, Tunu anakimbia juu ya ukuta na mkasi mkononi. Niliiandika kwa siku mbili nikitokwa jasho, na hadi leo naamini ni kazi safi, ukiitazama peke yake. Majibu yalikuwa machache kuliko wiki yoyote tangu nianze. Mtu mmoja aliuliza kama kuna ukurasa umeruka.

Hapo nilishika daftari nikafanya kitu ambacho ningekifanya wiki tatu nyuma. Nilisoma tena kuanzia sehemu ya 10, kalamu mkononi, kama msomaji asiyenipenda. Nilipofika ya 17 niliona. Tangu sehemu ya 12 Tunu alikuwa ameshona vivuli tisa na hakulipa hata kimoja. Hakusahau kitu chochote. Nilikuwa nimemhurumia. Nadhani ilianza pale kwa yule mtoto, nikajisemea huyu binti amepoteza vya kutosha, apumzike kidogo, na baadaye nikazoea. Wasomaji hawakuhesabu vivuli (au yule mmoja alihesabu, akaninyamazia), lakini walisikia kwenye mifupa kwamba hakuna tena kitu kilicho hatarini. Mtu aliyekosa wasiwasi anafikiri amekosa vita. Wao waliomba panga, nami nikawapa panga, na ugonjwa ukabaki palepale ulipokuwa.

Kama kuna jambo moja nililotoka nalo kwenye zile sehemu 31, ni hili. Msomaji akikwambia amechoka, amechoka kweli. Usibishane naye, hakuna mtu duniani anayeweza kukosea kuhusu kuchoka kwake. Akikwambia sababu, hapo sasa pole pole. Na akikuandikia dawa, mshukuru, kisha rudi nyuma sehemu tatu au nne ukatafute mwenyewe. Karibu kila mara jeraha liko nyuma ya pale anaponyooshea kidole.

Baadaye niligundua kwamba hata mabingwa wa kazi hii walipita hapo. Ndugu Grimm walipotoa ngano zao kule Ujerumani mwaka 1812, kulikuwa na ile ya Rapunzel, binti aliyefungiwa mnarani. Katika toleo hilo la kwanza siri yake inafichuka pale anapomuuliza bibi aliyemfungia, kwa nini nguo zake zimeanza kumbana. Msomaji mzima anaelewa: mwana wa mfalme amekuwa akipanda mnarani, na binti ni mjamzito, naye mwenyewe hajui. Watu wakalalamika kwamba hilo si la watoto. Malalamiko ya haki, sikatai. Swali la nguo likaondolewa, na katika matoleo yaliyofuata binti anaropoka tu, anamuuliza bibi imekuwaje yeye ni mzito kumvuta kuliko yule kijana. Hebu fikiria. Binti asiyejua kinachotokea mwilini mwake amegeuka binti asiyejua kufunga mdomo. Walitibu palipooneshwa, na akili ya mhusika ndiyo ikalipa.

Nirudi kwa Tunu. Sikuweza kuzirudia sehemu zilizokwisha kutoka, kwa hiyo nililichukua kosa nikaliita deni. Sehemu ya 19 Zimwi anapanda kutoka kisimani na kipande cha ubao chenye alama tisa. Anamwambia Tunu kwamba hakusamehewa, alikuwa anaandikiwa. Na zote tisa zinachukuliwa kwa mpigo mmoja, usiku huo. Nilipoandika kumbukumbu ya tisa mkono ulikuwa mzito, kwa sababu nilishajua ni nini. Alikuwa Kibatari.

Kibatari sijamtaja bado. Alikuwa kibatari cha kweli, cha bati, chenye utambi, anayezungumza na anayeogopa giza. Nilimwingiza sehemu ya 9 kwa sababu ya kiufundi kabisa: Tunu anapita kwenye handaki na mimi nilihitaji aone njia. Nilipanga adumu kurasa tatu. Lakini kwenye ile handaki nikampa mstari mmoja, anamwambia Tunu, "Mimi nawaka kwa woga, wewe endelea kutembea," na kwa mstari huo alinipokonya hadithi. Watoto walimchora. Watu wazima wakaanza kumalizia ujumbe wao kwa maneno yake. Wiki asipotokea, naulizwa yuko wapi, kama ndugu yangu wa damu niliyemtelekeza.

Sehemu ya 21 Tunu, aliyemsahau, anakiona kibatari cha bati mkononi mwake, hajui amekitoa wapi, anakiweka juu ya jiwe na kuondoka. Kibatari anamwita. Upepo unakuja. Anazimika.

Sitaandika hapa yote niliyoambiwa. "Umetuua" lilikuwa la upole. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiniita mwanangu tangu sehemu ya 2, alisema hasomi tena, na kweli hakusoma kwa wiki tatu. Lakini ujumbe ulionisimamisha ulitoka kwa baba mmoja anayemsomea mwanawe wa miaka 6 kila Ijumaa. Alisema mtoto amekataa taa ya chumbani kuzimwa. Baba akadhani ameogopa. Mtoto akamwambia haogopi yeye. Taa ni ya Kibatari, asije akawa peke yake gizani.

Usiku huo nilikuwa tayari kumfufua. Ngano inaruhusu. Tena kuna mfano mkubwa. Carlo Collodi alianza kuchapisha hadithi ya Pinocchio kwa mfululizo katika gazeti la watoto huko Italia mwezi Julai mwaka 1881, na katika sura ya 15 yule mwanasesere wa mti ananing'inizwa kwenye tawi la mwaloni, anakufa, hadithi imekwisha. Huo ndio ulikuwa mwisho. Wasomaji wadogo hawakukubali, na Februari 1882 Collodi akarudi mezani: Malaika wa kike mwenye nywele za samawati anaagiza mwanasesere ashushwe mtini, na safari inaendelea hadi mwanzoni mwa 1883. Karibu kila tunachokikumbuka kuhusu Pinocchio, pua inayorefuka kwa uongo, masikio ya punda, tumbo la yule samaki mkubwa, kimo kwenye nusu iliyoandikwa baada ya kifo chake. Kwa hiyo anayesema mwandishi asisikilize kilio cha wasomaji, na amwambie Collodi.

Niliandika ufufuo. Kurasa nne. Mafuta ya uchawi, utambi mpya, Kibatari anapiga chafya na kuwaka. Nikausoma asubuhi, na ulikuwa umelala chali kama samaki aliyeachwa nje. Nikamrudia yule mtoto na daftari langu. Anahisi nini, anaomba nini. Nikaona kwamba yeye hakuomba Kibatari afufuke. Hakusema hilo hata kidogo. Baba yake ndiye aliyeomba. Mtoto alikuwa anashughulika na jambo jingine: peke yake gizani. Nikamwandikia baba nikamwomba amuulize mtoto swali gani alilokuwa nalo kuhusu ile sehemu. Jibu likaja kesho yake: "Anauliza, alipozimika alikuwa na nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimemwacha na jiwe na upepo. Sehemu ya 22 ikarudi usiku ule ule, dakika ile ile. Zimwi wa Kisimani, aliyekwenda kuichukua kumbukumbu ya tisa, anaifuata hadi kwenye jiwe na kukuta kinachokumbukwa bado kinawaka. Anakaa. Ni mkubwa kama nyumba na hajui la kufanya na mikono yake. Mwishowe anaikunja kuzunguka utambi kuzuia upepo, na kwa kuwa anazo sauti zote zilizowahi kupotea, anamwimbia ule wimbo wa mama yake Tunu. Kibatari anazimika hata hivyo, ila polepole, na anamaliza kwa kusema kwamba giza la ndani ya mikono si sawa na giza la nje.

Yule mama aliyesusa alirudi. Ujumbe wake haukuwa na maneno, ulikuwa na nukta tatu tu. Na baba akaniandikia kwamba taa ya chumbani bado inawaka usiku kucha, bili inapanda, ila sasa mtoto anasema ni kwa ajili ya Zimwi, maana amebaki peke yake na ule wimbo.

Niseme pia kuhusu kuishia patamu, kwa sababu nao ni mtego. Sifa hiyo ina utamu wake na inazoeleka haraka. Nilifika mahali kila sehemu inamalizika mtu akining'inia: mlango unagongwa, kisu kinang'aa, sauti nyuma yake inasema jina lake. Yule mama anayeniita mwanangu ndiye aliyeniponya, kabla hata ya kisa cha Kibatari. "Mwanangu," aliandika, "kila Ijumaa unatusukuma shimoni. Mimi sasa shimo nimelizoea." Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikuwa na sababu ya kukatia patamu kila alfajiri, msikilizaji wake alikuwa na mamlaka ya kumchinja. Mimi wangu walikuwa wanataka tu kujua Tunu anaendeleaje. Nikajaribu kumalizia sehemu ya 16 Tunu akiwa amelala usingizi, mkasi chini ya mto, hakuna anayegonga. Walirudi Ijumaa iliyofuata kama kawaida.

Kuhusu waliobahatisha mwisho, nina machache. Msomaji mmoja aliuandika mwisho wangu sehemu ya 24, wote, kwa sentensi moja: Tunu atamshonea mfalme kivuli chake, na kumbukumbu itakayopotea ni jina lake mwenyewe. Niliudhika kama mtu aliyeibiwa. Nikatengeneza mwisho mwingine kwa hasira, ambapo mfalme anagundulika kuwa baba yake Tunu. Nikampa dada yangu asome. Akasoma hadi mwisho, akanirudishia, akaniuliza, "Huyu baba katokea wapi?" Nikaurudisha ule wa kwanza. Sehemu ya 31 ilipotoka, aliyebahatisha aliniandikia: "Nilijua. Nimelia hivyo hivyo."

Baada ya hapo, kimya. Hakuna anayekuandaa kwa Ijumaa ya kwanza isiyo na sehemu mpya. Nilifika saa ya kawaida, nikakaa, simu mezani, nikagundua kwamba nimekuja kuwasikiliza wao. Ujumbe uliingia mmoja, kutoka kwa yule wa wimbo. Nikatabasamu kabla sijaufungua, nikadhani ni pongezi.

"Dada mwandishi, hongera sana. Lakini sehemu ya 7 mlinzi wa daraja alizitupa funguo mtoni. Sehemu ya 31 amefungua lango na nini?"

Nimeisoma tena sehemu ya 7. Alizitupa. Nimeeleza hata jinsi zilivyozama.

Daftari liko wazi tangu asubuhi.